Kile kitabu cha Queen kimezunguka mji mzima, na kila alokisoma ana lake

Jamani leo nnataka kusema juu ya hichi kitabu cha Queen, bendi ya roki ya Uingereza, kinachopita mkono kwa mkono hapa Mjini Unguja, maana kila nikikaa barazani naulizwa ushakisoma, na nikisema ndio basi hapo hapo mabishano yanaanza. Nakala yenyewe imetoka hotelini, mgeni mmoja aliiacha, kava lishang'oka na kurasa za mbele hamna, kwa hivyo sote tunakiita tu "kile cha Queen". Na vitabu vya Queen vilotoka Uingereza viko vingi, kwa haya ntakayoyasema vinafanana sana, kwa hivyo hata ukipata chengine usitupe maneno yangu. Ni kinene, kwa Kiingereza, kinahadithia tokea wazee wa wanabendi wanne mpaka bendi ishakuwa historia.

Mimi nnakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ami yangu anakipa moja na hataki kubembelezwa. Shoga yangu wa Kikwajuni anakipa tano. Mwalimu mmoja wa Wete, Pemba, alokuja likizo akakisoma chote, kasema mbili, na kijana wa mtaani kwetu anayepiga gitaa la besi kasema hajapata kusoma kitabu kizuri kama hichi maishani mwake. Watu watano tu hao na kila mmoja kasoma kitabu chake.

Sababu naijua. Wengi tumekishika kwa jambo moja, mwimbaji wao Freddie Mercury ni mtoto wa hapa. Kazaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazee wake Waparsi waliotokea Gujarati, baba yake Bomi alikuwa keshia mahakamani enzi za Muingereza, mama yake Jer, na baadae akazaliwa mdogo wake Kashmira. Sasa mtu wa Mji Mkongwe akifungua kitabu anatafuta mitaa yake, anatafuta Shangani na Vuga, anataka kujua walikaa nyumba gani maana hilo tu hapa kwetu lina mabishano miaka na miaka. Badala yake kitabu kinamtia moja kwa moja uwanja wa Wembley, London, 13 Julai 1985, siku ya tamasha la hisani la Live Aid, dakika kama 21 za Queen jukwaani ambazo dunia nzima haijazisahau. Af Zanzibar inakuja baadae, kurasa chache, unageuza ukurasa unaona mtoto ashapanda meli.

Mimi nasema hivi, hichi ni kitabu cha bendi, si kitabu cha Freddie. Bendi ilikuwa na watu wanne na wote wanne walitunga nyimbo zilopiga kweli kweli, kwa hivyo mwandishi akigawa kurasa kwa wanne hajamdhulumu mtu. Lawama nyingi nnazozisikia ni za watu waliotaka kitabu chengine. Lakini si zote, na nitazisema zile nnazoziona za haki, tena bila kuficha.

Ya kwanza ni hizo kurasa za kwetu. Ukizisoma utakutana na karafuu, milango ya kuchonga, sultani, bahari, mtumishi wa kumlea mtoto, karafuu tena. Mwalimu wa Wete hapo ndipo alipokasirika, kasema "karafuu ni za kwetu Pemba, nyie mjini mlikuwa mnazinusa tu, na Pemba haikutajwa hata mara moja kwenye kitabu kizima." Bi mkubwa mmoja wa Malindi akamjibu kwamba ndio lakini harufu ilikuwepo kweli, karafuu zikishushwa bandarini mji mzima ulikuwa unanukia, mwandishi hakudanganya. Sawa, hakudanganya. Tatizo langu si karafuu, tatizo langu ni kwamba watu hawamo. Waparsi wa Zanzibar walikuwa watu wachache lakini walikuwa watu, walikuwa na hekalu lao la moto, walikuwa na kazi serikalini na kwenye biashara, walikuwa na majirani Wahindi na Waarabu na Washirazi na Wangazija, na mtoto mdogo alilelewa katikati ya yote hayo. Mwaka 1946 hapa ni nchi ya hifadhi ya Muingereza, Sultani Khalifa bin Harub yupo kwenye kiti tokea 1911. Kitabu kinaandika kama vile familia ilikaa peke yake kisiwani na mapambo ya nyuma yakiwa ni sisi.

Na muziki je? Hapa ndipo nnaposhangaa zaidi, kitabu cha muziki kinapita mji kama huu bila kuuliza mtoto alikuwa anasikia nini. Kikundi cha taarabu cha Ikhwan Safaa kishakuwepo tokea 1905. Siti binti Saad alikuwa hai mpaka 1950, santuri zake zikipigwa majumbani. Sinema za Majestic na Empire zilikuwa zikionesha picha za Kihindi na nyimbo zake zikiimbwa mitaani. Sisemi kwamba Freddie alijifunza taarabu, hakuna wa kuweza kusema hivyo na mimi sitaki kumbandikia. Nasema mtu anayeandika kurasa mia kadhaa juu ya sauti ya mtu angeuliza swali hilo moja, basi. Angekuja akakaa na wazee wiki moja, wakati ule walokumbuka walikuwa wengi.

Shoga yangu wa Kikwajuni hili halimuumizi hata kidogo. Yeye kitabu kimemshika kwenye ile safari. Mtoto ana umri wa miaka minane anapandishwa meli kwenda Bombay, kutoka hapo anapelekwa skuli ya bweni ya St Peter's huko Panchgani milimani, na wazee anawaona kwa nadra. Kaniambia alisoma pale akamuita mwanawe ampakate. Huko Panchgani ndiko alikoanza kuitwa Freddie, ndiko alikojifunza piano, na ndiko alikoingia kwenye bendi yake ya mwanzo ya wanafunzi, The Hectics. Mwandishi hapa kafanya vizuri, kaandika polepole, hakujaza maneno, kamuacha mama awe mama. Jer Bulsara aliishi mpaka 2016 na kila anapotokea kwenye kitabu, hata kwa mistari miwili, kitabu kinapata joto. Shoga yangu anasema zile nyota tano ni za Jer. Na mimi simkatalii.

Halafu tunafika 1964. Uhuru 10 Disemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, familia ya Bulsara inaondoka, inafikia Feltham karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kwenye kitabu Mapinduzi ni sentensi moja. Moja. Hapa watu wamegawika kwa namna ambayo sikuitegemea. Mzee mmoja wa pale Jaws Corner kasema heri hivyo, mgeni akiingia humo ataandika mambo ya kuchoma watu na hakuna wa kuyazima. Mwengine kasema hapana, watu walikufa na watu walikimbia na watu walipata heshima ambayo hawakuwa nayo, hayo yote ni ya kweli kwa pamoja, na kijana wa miaka 17 kayaona akiwa na akili zake timamu, kwa hivyo ukilipita hilo umepita roho ya mtu. Mimi nipo na huyu wa pili. Freddie mwenyewe hadharani alizungumza machache sana juu ya Zanzibar, na mwandishi kachukulia ukimya huo kama ruhusa ya kupita. Ukimya wa mtu alohama kwa namna ile ndio ulokuwa unataka kuandikwa.

Haya, sasa niseme kwa nini nimetoa tatu na nusu na si mbili.

Mimi napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu, na nakwambieni zile sura za studio ni kitu chengine kabisa. Sijapata kuona mtu akaeleza kurekodi namna ile mpaka ukasikia kichwani. Ule wimbo wao mkubwa wa 1975, Bohemian Rhapsody, dakika 5 na sekunde 55 wakati redio zilikuwa zinataka dakika tatu, kitabu kinakueleza ulivyojengwa kipande kwa kipande. Ile sehemu ya katikati ya sauti nyingi unayodhani ni kwaya ya watu mia, ni watu watatu tu, Freddie katikati, mpiga gitaa Brian May chini, mpiga ngoma Roger Taylor juu kabisa kwa ile sauti yake inayopanda mpaka unaogopa itakatika. Wanaimba, wanarekodi, wanajirudia juu ya walichokwisharekodi, tepu ya njia 24, wakijaza wanaziunganisha pamoja wapate nafasi, wanaongeza tena, mpaka tepu yenyewe ikapita kwenye mashine mara nyingi hata ule unga wake ukalika na ukiinyanyua kwenye taa unaona upande wa pili. Hebu fikiri. Kwetu sisi fidla, ganuni, udi, kodiani na waitikiaji wote tunapiga kwa pamoja, mmoja akikosea tunaanza tena bashrafu, ule muziki wa ufunguzi, kutoka juu, na uzuri unatoka kwenye kule kupumua pamoja. Wao walikuwa watatu wakajifanya umati. Nilisoma sura ile usiku, asubuhi nikaisoma tena, nikaenda kuusikiliza wimbo kwa spika za masikioni nikasikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia tokea nikiwa mdogo.

Kitabu hakiishii hapo, kinakupeleka kwenye redio. Kampuni ya rekodi inasita, wimbo mrefu, nani ataupiga, na mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London anapewa nakala na kuupiga mara 14 kwa wikiendi moja. Watu wakaenda madukani kuuliza wimbo ambao haujatoka. Ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Mwandishi anajua kuhadithia, hapo hata ami yangu alikubali.

Na ile sehemu ya "Bismillah" ndani ya wimbo? Kila mtu hapa ameniuliza kama kitabu kinaeleza. Kinaitaja tu na kuendelea. Kuna walokasirika kwamba neno tukufu limetiwa kwenye muziki wa roki na kuna walofurahi kulisikia limesikika dunia nzima, na mimi nafikiri mwandishi ambaye anahesabu idadi ya nyaya za gitaa angeweza kutupa hata kurasa moja juu ya mtoto wa Kiparsi alokulia mji wa Waislamu, anasikia adhana mara tano kwa siku, na baadae anatia neno lile katikati ya wimbo wake mkubwa kuliko zote. Haikumshughulisha. Sisi ingetushughulisha.

Sehemu nyengine ya studio nnayoipenda ni ile ya We Will Rock You, 1977. Brian May kawasikia watu ukumbini Stafford baada ya shoo wamebaki wanaimba wenyewe, akajiuliza umati uliobanana unaweza kufanya nini, jibu ni kupiga miguu, kupiga makofi na kuimba. Wakapiga miguu juu ya mbao kwenye studio ilokuwa zamani kanisa, wakarekodi mara nyingi, na kwa kuwa May kasomea fizikia akahesabu jinsi ya kuichelewesha kila sauti ili ukisikia ujione upo katikati ya maelfu. Sasa nenda Uwanja wa Amaan siku ya mechi kubwa usikie watu wanavyopiga miguu, utaelewa kwa nini wimbo ule hauna nchi.

Yule kijana wa besi yeye kitabu kizima kwake ni John Deacon, mpiga besi wa Queen. Ndio aloingia mwisho, 1971, mkimya, kasomea elektroniki, kaunda mwenyewe kipaza sauti kidogo cha gitaa kutokana na vyuma vilotupwa, na kipaza hicho kimetumika kwenye rekodi zao miaka yote. Huyu huyu mkimya ndio alotunga Another One Bites the Dust ya 1980 iliyoshika namba moja Marekani. Kijana kaniambia "dada, mimi hata nyumbani wananiambia besi haisikiki, huyu mtu hakusema kitu na bendi nzima ikatembea juu ya vidole vyake." Kitabu kinamheshimu Deacon, kinaeleza pia alivyojitoa kwenye muziki 1997 na kukaa kimya mpaka leo, hakimfanyii kelele. Na gitaa la May nalo limeandikwa vizuri, alianza kuliunda na baba yake 1963, shingo yake imetoka kwenye mbao za sehemu ya moto ya nyumba kongwe, na anapigia sarafu ya peni sita ya Kiingereza badala ya kipande cha plastiki. Mafundi wetu wa udi wangeipenda sura hiyo.

Mambo ya mikataba nitapita haraka. Miaka ya mwanzo nyimbo zinauzwa na wao hawana pesa, kampuni ilowashika ndio inakula, Deacon anataka fedha ya kuanzia nyumba anakataliwa. Msanii yeyote wa hapa alowahi kusaini karatasi bila kusoma atajiona humo. Sura ni nzuri ila ndefu kupita kiasi, ukiruka kurasa kumi hujapoteza kitu.

Sasa nije kwa ami yangu na ile nyota yake moja. Ni Sun City.

Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, mji wa starehe huko Bophuthatswana, ile waloiita nchi ambayo ni serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ndio iloiunda. Wakati huo wasanii duniani waliombwa wasiende, Umoja wa Mataifa uliweka orodha ya waloenda, na Queen wakaingia kwenye orodha, chama cha wanamuziki Uingereza kikawatoza faini. Wenyewe walijitetea kwamba wao si watu wa siasa, kwamba watazamaji walichanganyika, na walisaidia skuli ya watoto viziwi na vipofu huko huko. Kitabu kinaeleza yote haya kwa kurasa mbili tatu, kinawapa bendi nafasi ya kujitetea, kinasema ilikuwa kosa la hesabu, kisha kinakimbilia Rio Januari 1985 na Live Aid kama vile Live Aid imefuta.

Ami kakifunga kitabu hapo. Yeye ni mtu wa miaka ile, Tanzania ile ambayo Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, ambayo vijana wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walikuwa wanasoma Mazimbu, Morogoro, ambayo watu wa kawaida walichangia na walichonacho ni kidogo. Kaniambia "Mwanangu, sisi tulikuwa tunakosa sabuni na bado tulichangia, na mtoto alozaliwa hapa Unguja anakwenda kuwaimbia makaburu. Mwandishi anasema ni hesabu mbaya. Hesabu gani?" Nilimjibu kwamba Freddie hakuwa peke yake, wanne wote waliamua, na kwamba kitabu hakikuficha. Akasema kutoficha si kupima. Nimelifikiri neno lake siku nyingi na naona kasema kweli. Mwandishi kamuuliza bendi, kawauliza mameneja, kawauliza waandishi wa Uingereza waloudhika. Hakuna Muafrika hata mmoja alouliziwa kwenye kurasa zile. Huwezi kuandika juu ya Sun City bila kumuuliza mtu ambaye mlango wa Sun City ulijengwa kumdhalilisha. Nyota moja nzima nimeikata hapo, na sitairejesha.

Pamoja na hayo kitabu kina faida kubwa kwa waloangalia filamu ya 2018 tu, ile Rami Malek aliyoigiza kuwa Freddie. Vijana wetu wengi wanaamini bendi ilivunjika kisha wakarudiana kwa ajili ya Live Aid, na kwamba Freddie alishajua siku ile kwamba ana virusi vya UKIMWI. Si hivyo. Bendi haikuvunjika, 1985 hiyo hiyo walikuwa ziarani, Rio, Australia, New Zealand, Japani, kwa hivyo walifika Wembley mikono imeshapashwa moto. Na habari za kugunduliwa ugonjwa wengi wanaoandika wanaziweka 1987. Filamu iligeuza kwa ajili ya utamu wa hadithi, kitabu kinaweka sawa, na mimi napenda kuwekwa sawa.

Sura za mwisho ndizo zilowagawa watu kimya kimya. Kuna walozirejesha bila kuzisoma kwa sababu ya maisha binafsi ya Freddie, mapenzi yake na wanaume, na mimi siwalazimishi, kila mtu na dini yake na nafsi yake. Hapa kwetu jambo hili lishawahi kuleta mtafaruku, 2006 watu walipanga sherehe ya kutimia miaka 60 ya kuzaliwa kwake, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga na sherehe haikufanyika. Kitabu kinalitaja hilo kwa aya moja kama kituko cha mbali, wala hakiulizi watu wa hapa wanaliwaza vipi, na majibu yangekuwa mengi kuliko anavyofikiri, maana ndani ya nyumba moja tu ya kwetu kuna majibu matatu.

Lakini yule aloendelea kusoma atakuta uandishi wa adabu. Freddie anaumwa, anajua, na anaingia studio. Anakonda, hawezi kusimama sana, na bado anamwambia May aandike chochote ataimba. Tarehe 23 Novemba 1991 akatangaza kwamba ana UKIMWI, tarehe 24 akafariki nyumbani kwake Kensington, umri miaka 45. Mazishi yake yalisimamiwa na makuhani wa Kizoroasta kwa dini ya wazee wake. Hapa mwandishi hakuongeza sukari wala pilipili, hakuingia chumbani kuchungulia, na kwa kitabu cha watu maarufu hilo ni jambo la kushukuru. Bi mkubwa wa Malindi, ambaye nilidhani hatafika huko, kanirejeshea kitabu kasema tu "maskini mamaake, kamzika mwanawe." Na kweli Jer na Bomi wote wawili walikuwa hai.

Kasoro ndogo ndogo zipo. Kuna sura za ziara ambazo ni orodha tu, mji, ukumbi, watu wangapi, mji mwengine, mpaka unasinzia, ingawa ile ya São Paulo Machi 1981 uwanja wa Morumbi na watu kiasi cha 131,000 inasomeka. Kiingereza chake kina misemo ya mitaa ya London, mwanafunzi wa fom foo atahangaika, sisi tulikuwa tunasomeana kwa sauti na kuelezana. Picha ni chache na ya Zanzibar ni moja, mtoto mchanga kwenye kigari. Na makumbusho ya Freddie pale Shangani yaliyofunguliwa Novemba 2019 hayamo, kwa hivyo nadhani nakala yetu ni ya kabla ya hapo.

Ushauri wangu kwa anayetaka kusoma: kama unapiga chombo chochote, au unarekodi, au una kikundi, kisome na uanzie miaka ya 1973 mpaka 1980, hizo sura ni shule nzima na nakala nikipata yangu mwenyewe ntaziwekea alama. Kama wewe ni mtembeza wageni na unataka maneno ya kuwaambia watu pale Shangani, hutapata kitu kipya, bora kaa na wazee. Kama unataka kujua mtoto Farrokh alikuwa nani kabla hajawa Freddie, kitabu hichi hakijui, na sidhani kama vyengine vinajua. Na kama una umri wa ami yangu, Sun City ipo baada ya nusu ya kitabu, soma ukiwa umetulia.

Kwa sasa kitabu kipo njiani kwenda Pemba na boti, mwalimu wa Wete kakiomba tena pamoja na zile nyota zake mbili, anataka kuwasomea wanafunzi wake sura ya Live Aid. Akikirejesha kitaanza tena zamu Mkunazini, walokwisha kuandikisha majina ni wengi, anayekitaka aniambie mapema.